Pamba za Zamani: Kabla ya Kwenda kwa Fundi, Muulize Shangazi

Umechoka kukutana na shati lako kwenye kila sherehe? Basi geuka nyuma. Mitindo mikali ya kutokea leo imelala kwenye filamu, picha na vitabu vya miaka ya wazazi wetu, na kuitazama hakukugharimu kitu.

Anza na filamu. Hatari! ya mwaka 1962, ambayo John Wayne na Elsa Martinelli waliigiza, ilipigwa hapa hapa kwetu, kaskazini mwa Tanganyika. Tazama yale mashati ya kaki yenye mifuko kifuani, mikono imekunjwa: yanamkaa yeye, yanakukaa na wewe. Ukitaka mambo ya kanga, itafute Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, kazi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill.

Kuiga sinema wala si ushamba. Kitabu cha Laura Fair, Reel Pleasures (2018), kinaonyesha jinsi sinema ilivyokuwa sehemu ya maisha ya miji yetu, mavazi yakiwemo. Enzi hizo ulitoka kwenye onyesho, ukapitia kwa fundi cherehani.

Halafu picha. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Huko Bamako, Malick Sidibé aliwapiga vijana wawili wakicheza usiku wa Krismasi 1963: kaka ndani ya suti, binti yuko peku. Ukiiona utatamani kucheza.

Lakini picha iliyonikaa zaidi iko Mlali, chini ya milima ya Uluguru, kwenye sanduku la bati la shangazi yangu. Ilipigwa studio mjini Morogoro mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati mji ule ulikuwa wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wamo watu wanne. Wanaume wana suruali za pekosi na viatu vya raizoni. Shangazi ana afro na gauni linaloishia juu ya magoti. Pembeni, juu ya kiti, kuna kanga iliyokunjwa.

Nililitaka gauni lile. Shangazi akanionyesha kanga. Alisema aliivaa juu ya gauni tangu nyumbani hadi mlangoni mwa studio, akaivua kwa dakika chache za kupiga picha, kisha akajifunga tena.

Alikuwa na sababu. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita jijini Dar es Salaam. Wapo wasichana waliozomewa na kuchaniwa nguo mitaani. Andrew Ivaska ameyaandika katika Cultured States (2011). Habari zilifika Morogoro kabla ya gauni la shangazi kushonwa. Kwa hiyo kile kinachoonekana kwetu kama pozi tu, kwake kilikuwa ujasiri wa dakika chache.

Bila yeye ningeondoka na mshono tu. Kati ya wale wanne, aliyebaki ni yeye peke yake.

Kwa hiyo, wewe na mwenzi wako, fanyeni hivi:

Chagueni picha moja kutoka kila ukoo. Ni wazo zuri kwa sendofu au sherehe ya kutimiza miaka ya ndoa.

Chukueni kitu kimoja tu: kola, mkato wa pekosi, au mifuko ya Kaunda suti. Ukivaa kila kitu utaonekana uko kwenye maigizo.

Mpelekee fundi picha yenyewe, si maelezo ya mdomo. Kitambaa kizuri cha zamani mara nyingi kipo kwenye mitumba: nunua gauni kubwa, likatwe.

Piga nakala ya picha kwa simu, kivulini, bila flashi. Unyevu na mchwa havisubiri.

La mwisho ndilo la kwanza: keti na aliyeivaa. Uliza nani alishona, walikuwa wanakwenda wapi, nani alinuna. Andika nyuma ya nakala, kwa penseli, majina yote. Gauni unaweza kulishona hata mwaka ujao. Shangazi muulize wikiendi hii.