Jalada likipotea ofisini, nani aulizwe?

MTUMISHI anayestaafu baada ya miaka 30 kazini hufika ofisini akiwa na matumaini ya kukamilisha hati za mafao yake kwa siku chache. Mara nyingi safari hiyo hugeuka kuwa ya wiki kadhaa. Masjala haina barua yake ya kwanza ya ajira, kitengo cha mishahara kina tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na ile iliyomo kwenye jalada, na kompyuta ya idara ya utumishi haionyeshi cheo ambacho yeye ana barua yake mkononi. Kila dirisha lina taarifa zake, lakini hakuna dirisha lenye jibu.

Kununua kompyuta zaidi hakumalizi tatizo la namna hiyo. Kinachokosekana ni mtu mmoja, mwenye madaraka ya kutosha, anayewajibika kwa taarifa zote za taasisi, ziwe kwenye karatasi, kwenye kanzidata au katika barua pepe za mkurugenzi. Huyo ndiye meneja mwandamizi wa rasilimali za taarifa, cheo ambacho wengi wakikisikia hudhani ni cha fundi wa kompyuta.

Wazo hilo lilipata nguvu ya sheria nchini Marekani mwaka 1980, pale Rais Jimmy Carter aliposaini Sheria ya Kupunguza Makaratasi, wakati wananchi na wafanyabiashara wakilalamikia wingi wa fomu za serikali. Sheria ilizitaka idara kuteua ofisa wa ngazi ya juu, anayewajibika moja kwa moja kwa mkuu wa idara, ili asimamie taarifa kama zinavyosimamiwa fedha na watumishi. Mwaka 1996 sheria nyingine, maarufu kwa jina la Clinger-Cohen, ilikibadili cheo hicho kuwa cha ofisa mkuu wa taarifa.

Nchini Tanzania majukumu hayo yametawanyika katika sheria kadhaa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inambebesha mkuu wa ofisi ya umma wajibu wa kuhakikisha kuwa shughuli za ofisi yake zinawekewa kumbukumbu za kutosha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa taasisi siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisiangukie mikononi mwa wasiohusika. Moja inasema toa, nyingine inasema linda. Ombi moja linaweza kugusa zote mbili, na hapo lazima awepo mtu wa kuamua kipi kitoke na kipi kibaki, kisha aweze kueleza sababu mbele ya mkuu wake au hata mahakamani.

Kazi yake ya kwanza ni orodha. Ni lazima ajue taasisi ina taarifa gani, nani anazimiliki, ziko wapi, nani anaruhusiwa kuzisoma na zitatunzwa kwa muda gani. Ni kazi isiyo na mvuto, na katika ofisi kubwa huchukua miezi mingi, kwani kila idara huwa na daftari lake la pembeni ambalo haikupenda lijulikane. Siku hizi kuna ugumu mwingine: maamuzi mazito hufanyika kwa ujumbe wa simu, na ofisa anapohamishwa huondoka na simu yake.

Jukumu zito zaidi ni kuamua nini kiteketezwe. Kutunza kila kitu ni gharama, lakini kuteketeza bila kujua thamani ya kitu ni hatari zaidi. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliteketeza kadi za kuwasili za wahamiaji wa miaka ya 1950 na 1960, wengi wao wakiwa wametoka visiwa vya Karibiani. Machoni pa walioamua, hayo yalikuwa makaratasi ya zamani. Ilipofika 2018 dunia ilishuhudia wazee walioishi Uingereza tangu utotoni wakiwa wamepoteza kazi, wamenyimwa matibabu, na baadhi wamefukuzwa nchini kwa kushindwa kuthibitisha kuwa waliingia kihalali. Kadi hizo zingeweza kuwasaidia baadhi yao.

Taarifa huweza pia kukaa salama kabatini zisimfae mtu yeyote. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waajiri walikuwa na majalada ya watumishi wao, na Baraza la Mitihani lilikuwa na matokeo ya watahiniwa. Kilichohitajika ni kulinganisha vitu viwili vilivyokuwapo siku zote.

Hata hivyo, katika ofisi nyingi kumbukumbu bado huwekwa chini kabisa ya muundo wa uongozi, chumba cha mwisho cha ukumbi, jirani na stoo. Mkuu wa masjala haingii katika kikao cha menejimenti, na mfumo mpya wa kompyuta hununuliwa bila yeye kuulizwa jinsi majalada ya zamani yatakavyohamishiwa humo. Ofisi hizo huendeshwa na kumbukumbu za kichwani za karani mmoja mzee, anayejua kuwa jalada la kiwanja fulani limo ndani ya jalada la mgogoro mwingine kabisa, kwa sababu aliliweka yeye mwenyewe miaka 20 iliyopita. Meneja mpya anayeijua kazi yake huanza kwa kuvuta kiti karibu na karani huyo na kuandika, kwa kuwa tarehe ya kustaafu kwake tayari imo kwenye jalada, kama nalo litapatikana.