Floraidi Haichemshiki Ikatoka

Kila yanapozungumzwa maji ya visima, huku Turkana, kuanzia Nadapal hadi Kakuma, naulizwa lile lile: nichemshe kwa muda gani ili floraidi itoke? Haitoki, hata uchemshe kutwa. Moto huua vijidudu. Floraidi ni chumvi iliyoyeyuka, na mvuke ukipaa, yenyewe hubaki sufuriani. Chukua lita 10 zenye miligramu 3 kwa lita, zichemshe zibaki 8: sasa kila lita ina miligramu 3.75, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Umemaliza makaa ya mti wa mathenge kuyaharibu maji zaidi.

Wabishi hunionyesha ukoko mweupe chini ya sufuria: si ndiyo floraidi hiyo? Siyo! Hiyo ni kaboneti ya kalisi. Na kalisi ndiyo ambayo ingeishika floraidi. Ukishaiangusha kalisi, floraidi inabaki huru. Watoto wanaota meno ya madoa ya kahawia, nyumba nzima ikiamini imejikinga, na kwa imani hiyo hakuna anayepeleka maji kupimwa.

Kimojawapo kinachoishika floraidi ni uso wa oksidi au haidroksidi ya alumini, na uso mzuri haupatikani kwa kusaga tu. Njia mojawapo ni kuuotesha ndani ya myeyusho: chumvi ya alumini na maji, katika chombo kilichofungwa, joto likipita nyuzi 100. Myeyusho ukiwa wa asidi, fuwele aghalabu hurefuka zikawa vijiti. Ukiwa wa alkali, hutandaa zikawa vibapa. Umbo ndilo huamua atomi zipi zitokeze nje kukutana na floraidi. Lakini maji yenye magadi huleta bikaboneti inayogombea nafasi hizo hizo, hivyo kichujio cha alumini huchoka mapema kuliko kilivyoahidi kibandiko. Na fuwele hizo, zikiwa unga laini mno (wa nano), zisimwagwe mtungini; zifinyangwe punje kwanza.

Basi: pimeni kisima kwa kisima, maana hata visima viwili jirani hutofautiana. Chenye floraidi kidogo kiwe cha kunywa, kingine cha kufulia. Maji ya mvua wapewe kwanza watoto wadogo. Mkaa wa mifupa, ambao Dayosisi Katoliki ya Nakuru imewahi kuutengeneza, unafaa. Shabu pamoja na chokaa pia, dozi ikipimwa na mtaalamu. Kichujio chochote, yapimeni yanayotoka mara kwa mara: kikishajaa, maji hayabadiliki rangi wala ladha.