Treni ya makopo ina somo la kutufunza

Ndugu msikilizaji, wiki hii sikuja na habari za bei ya korosho wala matokeo ya ligi. Nimekuja na treni. Si ile ya umeme ambayo tangu mwaka 2024 inachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, bali treni ya makopo niliyoikuta chini ya mwembe mjini Ruangwa, mkoani Lindi, nilipokuwa nikitokea Nachingwea kikazi.

Wavulana wanne walikuwa wametandika reli ya mianzi iliyopasuliwa. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, mabehewa makopo ya samaki, magurudumu vizibo vya soda, na ekseli vipande vya waya. Treni ilivutwa kwa uzi. Ilikwenda vizuri sana mahali paliponyooka, lakini kila ilipofika kwenye kona, behewa la kwanza lililala ubavu na kuyaangusha mengine. Mwenye treni, mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, alikwisha kuinua mguu aiponde.

Mwenzake aliyemzidi umri kidogo akamzuia. "Usiivunje," akasema. "Kichwa chako kizuri kushinda changu. Ila behewa la mbele jepesi, na umelifunga kwa waya mgumu. Litie mchanga, halafu funga kwa kamba."

Wakafanya hivyo. Treni ikapita kona. Nikamwuliza yule mshauri alijifunzia wapi mambo hayo. Akanijibu, "Yangu imeanguka mara nyingi, mjomba."

Naam, kijana yule alisema jambo ambalo watu wa reli wanalijua vizuri. Mabehewa yanapovutwa kwenye kona, mvuto wenyewe hutaka kuyanyoosha yawe mstari mmoja, na kwa hiyo huyasukuma kuelekea upande wa ndani wa kona. Behewa la mbele ndilo linalobeba mvuto wa yote yaliyo nyuma yake. Likiwa tupu na jepesi, magurudumu yake hunyanyuka na kuacha reli. Ndiyo maana kwenye treni kubwa si busara kuweka mabehewa matupu mbele na yenye shehena nzito nyuma. Kuhusu ile kamba, kazi yake ni kuliacha kila behewa ligeuke kwa nafasi yake. Waya mgumu haugeuki. Unalilazimisha behewa liende linakoelekea lile jingine.

Huenda mtu akasema haya ni michezo ya watoto. La hasha. Uingereza, Ujerumani na Marekani wapo watu wazima, wenye mvi na wajukuu, ambao jioni zao huzitumia kutengeneza treni ndogo za mfano. Kipimo kinachopendwa zaidi hupunguza kila kitu mara 87, hata behewa la mita 20 likawa na urefu wa sentimita 23 tu. London kuna klabu yao iliyoanzishwa mwaka 1910.

Na matatizo yao ni yale yale ya Ruangwa. Behewa likianguka, mwenzako anakuambia uliongezee uzito, upime kama magurudumu yako sambamba, uangalie kama kona haikubana mno. Kule Marekani, mwaka 1935, wapenzi wa treni hizo walikutana mjini Milwaukee wakaunda chama cha taifa, kwa sababu behewa la mtu mmoja lilikuwa halipiti kwenye reli ya mwingine. Wakakubaliana juu ya vipimo vya magurudumu na reli. Maana yake ni kwamba ushauri uliokuwa ukitolewa mezani uligeuka kanuni inayomsaidia hata mtu asiyekuwapo.

Nina sababu ya kulisema hili. Mimi nilikulia Nachingwea katika miaka ya 1980. Wazee walitusimulia kwamba treni ya kweli iliwahi kufika pale, nasi watoto ambao hatujapata kuona treni hata moja tukajaribu kuitengeneza kwa waya. Siku moja nilipeleka yangu shuleni. Mwalimu mmoja akaiweka juu ya meza, akaisukuma, ikaenda upande. Akacheka mbele ya darasa zima, akasema treni yangu inatembea kama kaa. Kasoro aliyoiona ilikuwa ya kweli, maana ekseli zangu hazikuwa sambamba. Lakini hakunionyesha namna ya kuzinyoosha. Tangu siku ile sikutengeneza nyingine.

Treni ile ya wazee nayo ina habari yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Ili karanga za kusini zifike baharini ikajengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa. Mradi ukaachwa mwaka 1951. Reli ikaendelea kwa shida bila mizigo ya kutosha, ikafungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa.

Kosa moja ambalo wakubwa wale wamelaumiwa hadi leo ni kwamba hawakuanza na shamba dogo la majaribio. Kona yao ya kwanza waliikuta wakiwa tayari wamekwisha kumwaga mamilioni ya pauni. Treni ya makopo inapoanguka, hasara yake ni kizibo kimoja cha soda. Hiyo ndiyo faida ya kujaribu kwa kidogo, mradi awepo mtu wa kukuambia umekosea wapi.

Ndugu msikilizaji, mtoto wako akikuletea kitu alichokitengeneza, usikimbilie kusifu tu, kwa maana sifa tupu haipitishi treni kwenye kona. Wala usikimbilie kucheka. Fanya kama yule kijana wa Ruangwa. Kwanza alitaja kilicho kizuri, na alikitaja kwa jina. Pili alionyesha kasoro ilipo, hakusema treni yote mbaya. Tatu alitoa dawa iliyokuwa karibu, mchanga na kamba, vitu ambavyo mwenzake angevipata pale pale.

Nanyi mafundi wa gereji, vile vipande vya waya mnavyotupa jioni, wapeni watoto wanaopita. Mkiwa na dakika mbili, waonyesheni pia namna ya kunyoosha ekseli.

Mimi nilikosa dakika mbili hizo. Hadi wiki ijayo, kwaherini.