Sababu Tano za Musa: Neno kwa Mtu Anayejiona Hawezi

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 2:11 hadi 4:20, Matendo ya Mitume 7:22-34



Katika maombi ambayo watu wanatuletea, kuna neno fupi linalorudi kila mara: "Mchungaji, mimi siwezi." Kijana amepata diploma ya serikali, anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, anatamani kujifunza ufundi wa umeme, lakini anasema amechelewa. Dada aliacha masomo sababu ya mimba. Leo mtoto amekua, nafasi ya kurudi shuleni iko, naye anaona haya kukaa benchi moja na watoto wadogo. Mama anauza sambaza sokoni, anajua hesabu kuliko wengi. Wenzake wa likelemba wanamwomba atunze sanduku, naye anakataa: "Mimi sikusoma." Papa alikimbia vita, akaacha shamba na ng'ombe, na sasa anasema maisha yake yamekwisha.

Tusidanganyane. Vita ni ya kweli. Minervali ni ya kweli, na bei ya unga pia. Kuna milango iliyofungwa na wenye nguvu, na mtu hawezi kuifungua kwa kujipa moyo tu. Somo la leo linahusu jambo lingine: lile shaka linalobaki ndani ya mtu hata siku ambayo mlango umefunguka kidogo. Katika Biblia tunamwona mtu aliyefunguliwa mlango na Mungu mwenyewe, naye akatoa sababu tano za kutoingia. Mtu huyo ni Musa.

SHAKA LA MUSA LILITOKA WAPI?

Wengi tunafikiri Musa alizaliwa mwoga. Sivyo. Stefano anaeleza katika Matendo 7:22 kwamba Musa alifundishwa elimu yote ya Wamisri, tena alikuwa hodari katika maneno na matendo. Alipofika miaka 40 alikwenda kuwatazama ndugu zake, akaona mmoja anapigwa na Mmisri, akamwua yule Mmisri. Kesho yake aliwakuta Waebrania wawili wanapigana, akajaribu kuwapatanisha. Mmoja akamjibu kwa dharau, akimwuliza ni nani aliyemweka yeye kuwa mkubwa wao (Kutoka 2:14). Farao naye akamtafuta amwue. Musa akakimbilia Midiani, akakaa huko miaka mingine 40, akichunga kondoo za baba mkwe wake.

Sasa angalieni jambo hili. Aliyemwambia Musa kwamba yeye si kitu alikuwa ndugu yake, mtu wa kabila lake, yule aliyetaka kumsaidia. Miaka 40 inapita. Musa anasimama mbele ya kijiti kinachowaka moto, Mungu anamtuma, na jibu lake la kwanza ni kuuliza: mimi ni nani? Dharau aliyoisikia kwa mwingine imekuwa neno la kinywa chake mwenyewe.

Na sisi ni hivyo hivyo. Mwalimu alikuambia mbele ya darasa kwamba kichwa chako ni kigumu. Mjomba alisema kumsomesha mtoto wa kike ni kutupa faranga. Jirani alicheka biashara yako ya kwanza ilipoanguka. Siku yenyewe unaweza kuisahau, lakini sauti inabaki, mpaka unafikiri ni sauti yako. Kwa hiyo, kabla ya kusema "mimi siwezi", jiulize: neno hili nililisikia kwa nani? Kama halikutoka kwa Mungu, usilipe heshima ya neno la Mungu.

SABABU TANO NA MAJIBU YAKE

1. Mimi ni nani? (Kutoka 3:11). Mungu hakumjibu Musa kwa kumsifu. Hakumkumbusha elimu yake ya Misri, wala kumwambia kwamba yeye ni shujaa. Alimwahidi jambo moja: kwamba atakuwa pamoja naye. Siku hizi tunasikia mahubiri mengi ya "wewe ni tai, wewe ni mkubwa, jiamini tu". Maneno hayo yanatia joto siku ya Mungu, na Jumatatu asubuhi yamekwisha kupoa. Ahadi ya Mungu haipoi, kwa sababu haikusimama juu ya ukubwa wetu.

Tena someni vizuri mstari wa 12. Mungu anampa Musa ishara. Ishara gani? Kwamba akiisha kuwatoa watu Misri, watamwabudu Mungu juu ya mlima ule ule. Ni kusema nini? Ishara hiyo itaonekana baada ya kazi. Wengi wetu tunangoja kuwa na hakika kwanza, ndipo tuanze. Musa aliambiwa aanze, na hakika ingemngoja mlimani wakati wa kurudi.

2. Nitawaambia nini? (3:13). Hili ni shaka la mtu asiyejua. Mungu hakukasirika. Alimfundisha Jina lake, kisha akampa utaratibu wa kazi: kwanza akusanye wazee wa Israeli, halafu aende pamoja nao kwa mfalme (3:16-18). Dawa ya kutojua ni kujifunza. Kama hujui kuoka mikate, kaa karibu na anayejua. Uliza bei, andika, haribu unga kidogo, uanze tena. Kuuliza si aibu, na Musa aliuliza mbele ya Mungu mwenyewe.

3. Hawataniamini (4:1). Hapa kidonda cha zamani kinasema tena. Walimkataa mara moja, na anajua watamkataa mara ya pili. Mungu akamwuliza ameshika nini. Alikuwa ameshika fimbo ya kuchungia, kitu alichokizoea hata hakukihesabu. Alipoitupa chini ikawa nyoka, na Musa akakimbia. Kisha akaambiwa amshike mkia. Watu wa kijiji wanajua: ukimshika nyoka mkia, kichwa kinabaki huru kugeuka na kukuuma. Biblia haisemi kwamba hofu ilimtoka Musa kwanza. Inasema alinyosha mkono, akamshika.

Na wewe unacho kitu mkononi ambacho hukihesabu. Labda ni mashini ya kushona ya kukopa. Labda ni lugha tatu unazozisema bila kufikiri, au mkono unaojua kusuka nywele, au subira ya kukaa na wagonjwa. Anza kwa hicho.

4. Mimi si msemaji (4:10). Hili ni shaka la mtu anayeona kasoro katika mwili wake. Mungu akajibu kwamba ndiye aliyefanya kinywa cha mwanadamu, na kwamba atamfundisha la kusema. Lakini hatusomi kwamba ulimi wa Musa ulipona siku ile. Katika Kutoka 6:12 bado anasumbuka na midomo yake. Alikwenda kwa Farao na ulimi wake mzito. Ndugu mwenye kigugumizi, dada mwenye kutembea na fimbo, tunaomba uponyaji na tunauamini. Lakini msingoje kupona ndipo mumtumikie Mungu.

5. Tuma mtu mwingine (4:13). Hapa hasira ya Bwana ikawaka.

TOFAUTI YA SABABU YA TANO

Kwa nini Mungu alivumilia sababu nne, akakasirikia ya tano? Zile nne zilikuwa maswali. Musa aliogopa, lakini alikuwa bado anazungumza na Mungu, na kila swali lilipata jibu. Mara ya tano hakuna swali tena. Ni kukataa tu, na kusukuma mzigo kwa mtu mwingine.

Hili ndilo neno ninalotaka mlichukue leo. Shaka linalouliza si dhambi, Mungu hulijibu. Shaka linalokataa ndilo linaloua wito wa mtu. Kwa hiyo usijilaumu kwa kuwa unaogopa. Jipime hivi: je, hofu yangu bado inauliza, au imekwisha kufunga mlango?

Tena muone rehema. Hata katika hasira, Mungu alimpa Musa msaidizi, ndugu yake Haruni, na akamwambia kwamba Haruni alikuwa tayari njiani kuja kukutana naye (4:14). Musa alipokuwa bado anakataa, msaada ulikuwa umekwisha kuanza kutembea.

MFANO WA HAPA KWETU

Wengi mnamjua Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka wa 1955. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baada ya maombi aliuliza kwa nini baba hakutoa dawa, naye akajibiwa kwamba kazi hiyo ni ya waganga. Mtoto akaamua: baba ataomba, na yeye atatoa dawa. Ndoto yake ilianza na swali.

Alisomea udaktari Burundi, akitaka kutibu watoto. Alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera, aliona jinsi wanawake wanavyoteseka na kufa kwa ajili ya kuzaa. Akabadilisha njia, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza kutibu akina mama, kisha akarudi Lemera. Mwaka wa 1996 vita vikafika pale. Wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Akaja Bukavu, akaanza tena kwa mahema. Mwaka wa 1998 hayo nayo yakaharibiwa. Mwaka wa 1999 akaanza upya Panzi. Alitaka mahali pa akina mama kuzalia salama, lakini wanawake walioumizwa na ubakaji wa vita ndio waliofika, naye akawapokea. Mwaka wa 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Tunapenda kusimulia habari ya tuzo. Mimi nawaomba mkumbuke mahema. Ndoto hiyo iligeuka sura na kubomolewa, na mtu akaanza tena na kile alichobaki nacho.

JE, KILA NDOTO INATOKA KWA MUNGU?

Hapana. Wito wa Musa ulitoka katika kilio cha watu walioteseka (3:7-9). Kwa hiyo uliza: ndoto yangu inajibu kilio cha nani? Kama ni kuonekana tu, au kupanda juu ya mgongo wa wengine, iache. Tena Musa hakutoroka nyumbani. Alimwomba ruhusa Yethro, baba mkwe wake, akaenda kwa amani (4:18). Na mtu akikuambia uuze simu yako au ulete minervali ya mtoto ili "afungue nyota yako", mkimbie. Musa hakulipa kitu pale kwenye kijiti.

Jueni pia kwamba mwanzo unaweza kuwa mbaya. Mara ya kwanza Musa aliposema na Farao, watu walinyimwa majani ya kufanyia matofali, kazi ikazidi kuwa nzito, na wenyewe wakamlaumu Musa (Kutoka 5). Naye akarudi kwa Mungu, akalia, akauliza kwa nini. Alirudi kuuliza, hakurudi Midiani.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Moja: andika kwenye karatasi lile neno linalokufunga, na kando yake uandike ulilisikia kwa nani. Liombee, umsamehe mtu huyo.

Mbili: hesabu kilicho mkononi mwako leo. Usiandike ambacho huna.

Tatu: tafuta Haruni mmoja, mtu mwaminifu wa kukusaidia mahali wewe ni dhaifu. Dada anayeogopa kurudi shuleni, omba mama mmoja wa kanisa akusindikize siku ya kuandikishwa.

Nne: chagua hatua moja ndogo, na uifanye kabla ya Jumamosi. Kuuliza bei ya masomo ni hatua. Kumwendea fundi na kuomba kujifunza ni hatua.

Na sisi wazazi, walimu na wachungaji, tulinde vinywa vyetu. Yule Mwebrania alisema sentensi moja ya hasira, akaenda zake. Miaka 40 baadaye ilikuwa bado inaishi katika moyo wa Musa. Mtoto akileta ndoto yake mezani, tusimcheke. Tumwulize: unataka kuanza wapi?

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Katika sababu tano za Musa, ni ipi unayoitumia wewe mara nyingi? Katika nyumba hii, ni nani anayehitaji Haruni, na nani kati yetu anaweza kuwa Haruni wake?

MAOMBI

Baba wa mbinguni, wewe unajua hofu zetu na mahali zilipotoka. Tunakuletea maswali yetu bila kuficha. Utuponye na maneno tuliyotupiwa, na utusamehe yale tuliyowatupia wengine. Utuonyeshe kilicho mikononi mwetu, na utupe kunyosha mkono hata kama unatetemeka. Katika jina la Yesu. Amina.