Kuku Wakihara, Lawama Zisianze kwa Mlishaji

Katika banda la kuku wa nyama hapa Buteba dalili ya kwanza huwa ni maranda yaliyolowa. Kisha vifaranga hawakui sawa: mmoja ananenepa, mwenzake anadumaa. Mwenye banda humgeukia mlishaji na kusema amewapunja chakula, na ujira hukatwa. Sisi twasema utumbo upimwe kwanza.

Vipo virusi vinavyoshambulia utumbo wa kuku: rota, astro, reo na vinginevyo. Vya rota huharibu ukuta wa ndani unaofyonza chakula, hivyo kifaranga hula na asinenepe. Kwa macho huwezi kuvitambua, maana koksidia na chakula kilichooza nacho huleta kuhara. Hata madoa ya damu utumboni, ambayo mdondo huweza kuyaacha, ni dalili tu. Na dawa ya antibiotiki, ambayo wengi wetu tumeinunua kwa haraka, haiui virusi.

Daktari wa mifugo huchukua kinyesi kwa kijiti chenye pamba kutoka tundu la nyuma, au kipande cha utumbo wa kuku aliyekufa punde. Aliyelala juani hafai, utumbo huoza upesi. Vyote huwekwa kwenye barafu na kusafirishwa mara moja, upande wa Uganda hadi Entebbe, upande wa Kenya hadi Kabete. Huko hutafutwa chembe za urithi za virusi kwa mashine, au virusi huoteshwa ndani ya mayai yenye kiinitete. Vya mdondo hushikamanisha chembe nyekundu za damu, lakini vya mafua ya ndege pia hufanya hivyo, kwa hiyo kipimo cha pili ni lazima. Kuku wazima wapimwe vilevile, kwani wengine hubeba virusi bila kuugua.

Hatujasahau Januari 2017, Uganda ilipotangaza mafua ya ndege na Kenya ikapiga marufuku kuku wake. Wachuuzi wa Busia na Malaba waliumia. Virusi hivyo hutoka pia katika kinyesi, na binadamu aweza kuambukizwa. Anayepasua kuku apewe glavu, barakoa na buti kwa gharama ya mwajiri.

Mlishaji naye aandike kila asubuhi idadi ya waliokufa, chakula kilicholiwa na siku kuhara kulipoanza. Daktari atayauliza hayo kabla ya kufungua sanduku lake.