Keki ya Tende ya Mama: Tununue au Tuoke?

Mama anatimiza miaka 70. Yeye yuko Sengerema, sisi watoto tuko Mwanza mjini. Mdogo wangu alitaka tuagize keki ya krimu. Dada akakataa: Mama hapendi krimu, anapenda tende, zile alizokuwa akitugawia mojamoja wakati wa kufuturu. Ubishi ulipokolea nikachukua kalamu na karatasi. Hesabu yenyewe naiweka hapa, maana najua si nyumba yetu pekee yenye ubishi huu.

Bei nimeziweka kwa namba kamili ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Wewe weka bei za soko lako, iwe ni Soko Kuu, Mlango Mmoja au Kirumba, kisha ujumlishe upya.

Tende ipi?

Hapa ndipo pesa nyingi inapokwenda. Mkindu, ndugu wa mtende, unaota mabondeni kwetu na tunasukia mikeka, lakini tende tunayokula huvuka bahari kutoka nchi za Ghuba, kisha husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam. Ukinunua tende, nauli hiyo yote unailipa wewe.

Ajwa na Medjool ni tende za kula kwa mkono. Unalipia ukubwa, umbo na mng'ao, na vyote hivyo hupotea ukishaziponda. Kwa keki, chukua tende laini za kawaida zilizoshindiliwa kwenye pakiti au za kupimiwa kwa kilo. Kabla ya kulipa, omba upasue moja. Ikinuka uchachu, au ukiona vumbi la wadudu pembeni mwa kokwa, iache.

Kokwa nayo ina hesabu yake. Huchukua takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tende, kwa hiyo kilo moja yenye kokwa inakupa nyama gramu 850 hadi 900. Kama kilo hiyo ni shilingi 10,000, tende zilizotolewa kokwa ni halali yake kuuzwa hadi 11,500 hivi. Zikizidi hapo, nunua zenye kokwa ukaketi na watoto mzitoe wenyewe.

Keki moja ya karibu kilo

- Tende gramu 300 zenye kokwa: 3,000
- Unga wa ngano gramu 250: 500
- Mayai 3: 1,200
- Mafuta ya alizeti au ya pamba, mililita 150: 900
- Sukari gramu 100: 300
- Karanga za kukaanga gramu 100: 400
- Iliki, bekingi pauda na chumvi: 500

Jumla ni shilingi 6,800. Keki ya kuagiza yenye uzito huo, tukiiweka 30,000, imeizidi zaidi ya mara nne. Simlaumu mwokaji: ana kodi ya chumba, ana mshahara wa msaidizi, na keki ikiharibika hasara ni yake. Lakini ukiwa na saa mbili za Jumamosi, tofauti hiyo inabaki mfukoni mwako.

Wengi huniambia wanapenda tende kwa sababu zinaokoa sukari. Kwa mfuko, si kweli. Sukari ya gramu 100 ni shilingi 300. Tende za keki hii ni mara kumi ya hapo. Hata mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika na Serikali ikatangaza bei elekezi, tende hazikuwa mbadala wa bei nafuu. Tende tunazinunua kwa ladha, kwa rangi ya kahawia iliyokoza, na kwa unyevu unaoifanya keki ilainike zaidi siku ya pili.

Wala wazazi wenye kisukari tusiwadanganye. Zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Keki hii ikiwa haina hata kijiko cha sukari ya dukani, bado mzazi huyo anahitaji kipande kidogo na ushauri wa daktari wake.

Moto upi?

Oveni ndogo ya umeme ya wati 1,500, hata ikiwaka saa nzima bila kujizima, inakula yuniti moja na nusu. Kwa mteja ambaye 10,000 inampa yuniti 28 hivi, hiyo ni kama shilingi 540. Aliye kwenye tarifu ndogo, ile isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, analipa pungufu zaidi.

Kama huna oveni, usiinunue kwa ajili ya keki moja. Ikiwa ni 120,000, utahitaji kuoka keki sita ambazo vinginevyo ungeziagiza ndipo irudishe pesa yake.

Tumia sufuria. Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa. Weka juu yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko, funika, kisha palia makaa machache juu ya mfuniko. Makaa ya 1,500 yanatosha. Kwa gesi, njia ni hiyohiyo bila makaa ya juu. Moto uwe mdogo, na keki itaiva ikiwa na uso mweupe kidogo. Jiko la mkaa likae nje au penye upepo, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wake usioonekana unaua.

Kuoka kwenyewe ni kwepesi. Loweka tende kwenye kikombe cha chai ya rangi ya moto kwa nusu saa, ziponde, changanya na mafuta, sukari na mayai, kisha ongeza unga, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi na iliki. Karanga ziweke mwisho. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na keki huumuka upesi kidogo kuliko Pwani. Ukifuata kipimo cha shangazi wa Tanga, punguza bekingi pauda kidogo isije ikabonyea katikati. Ioke dakika 50, uichome kwa kijiti: kikitoka kikavu, imeiva.

Asiyetaka moto kabisa atwange nusu kilo ya nyama ya tende na robo kilo ya karanga, aviringe vibonge. Lakini asidhani ameokoa: tende zimekuwa maradufu, na gharama inakaribia 7,000 vilevile.

Uamuzi wetu

Kama una wageni hamsini na huna muda, agiza. Kama mzazi anapenda krimu, mpe krimu, ni siku yake. Sisi tulioka, na safari ndiyo iliyomaliza ubishi. Zamani, njiani kwenda Sengerema, foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi juani ingeiyeyusha krimu yoyote. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu za maji unazivuka kwa dakika chache, lakini joto la ndani ya basi ni lilelile. Keki ya tende tuliifunga kwenye kitambaa na kuipakata.

Kwa shilingi 7,300 na ushei, yaani viungo na umeme wa oveni, tulibakiwa na zaidi ya 22,000 kutoka kwenye bei ya keki ya kuagiza. Tuliilipia nauli ya mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa amesema mwezi huu hawezi kuja. Mama alikata keki watoto wake wote wakiwa wamemzunguka.