Modemu inasuasua kwenye Linux? Tafuta tatizo kabla ya kununua nyingine

MFANYABIASHARA anayenunua mahindi Kibaigwa na kuyauza Dar es Salaam anahitaji bei ya leo, si ya juzi. Chama cha ushirika nacho hakiwezi kukaa siku nzima kikisubiri oda ya mnunuzi ifunguke kwenye barua pepe. Modemu ya USB inaposuasua, hasara haiishii kwenye fedha ya kifurushi. Mzigo unaweza kuuzwa kwa bei iliyokwisha kupitwa.

Baadhi ya ofisi ndogo hutumia Linux kwa kuwa haina ada ya leseni na huzifaa kompyuta za zamani. Lakini modemu nyingi huuzwa zikiwa na programu ya Windows, hivyo kasi ikishuka Linux ndiyo hulaumiwa kwanza. Njia ya kujua ukweli ni kuanza na hatua zisizo na gharama.

Jaribu laini kwenye simu

Toa laini kwenye modemu, iweke kwenye simu, kisha fungua ukurasa uleule, mahali palepale na saa ileile. Simu ikisuasua pia, tatizo liko kwenye mtandao au kifurushi. Huenda kifurushi kimefikia kiwango ambacho kampuni hupunguza kasi, au mnara umeelemewa na watumiaji. Rudia jaribio alfajiri. Kasi ikiwa nzuri saa hizo, panga kazi nzito zifanyike mapema.

Simu ikienda vizuri, chunguza modemu. Kumbuka tu kwamba simu ya 4G itaishinda modemu ya 3G hata kama modemu hiyo ni nzima.

Modemu imeshika mtandao gani?

Fungua dirisha la amri, andika mmcli -L upate namba ya modemu, kisha mmcli -m 0, ukiweka namba yako badala ya 0. Tazama mistari miwili: "access tech", yaani aina ya mtandao, na "signal quality", yaani nguvu ya mawimbi kwa asilimia.

Ukiona gprs au edge, modemu imeangukia 2G. Tofauti yake ni kubwa. Faili la megabaiti 5 ni sawa na megabiti 40, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Kwa kasi ya kilobiti 40 kwa sekunde litachukua takriban dakika 17. Kwa kilobiti 200, zaidi kidogo ya dakika 3. Kwa megabiti 1, sekunde 40. Hapo ndipo wengi hukosea: modemu iliyoandikwa megabiti 3.6 haitavuta zaidi ya kilobaiti 450 kwa sekunde, hata mambo yakienda vizuri kabisa.

Katika mipangilio ya mtandao unaweza kuichagulia modemu 3G au 4G badala ya kuiacha iteue yenyewe. Mawimbi yakiwa hafifu, isogeze. Paa la bati na kuta nene huyazuia. Waya wa USB wa kurefusha, usiozidi mita 5, utaifikisha dirishani kwa gharama ndogo kuliko modemu mpya.

Tundu na dreva

Andika lsusb -t. Kwenye mstari wa modemu, 480M ina maana kwamba inawasiliana na kompyuta kwa kasi ya USB 2.0. Ukiona 12M ilhali modemu ni ya kasi kubwa, hamisha tundu au badilisha waya. Epuka pia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, kwani modemu hula umeme mwingi inapotafuta mnara wa mbali.

Mstari huohuo huonyesha dreva. Ukiona usb-storage peke yake, kompyuta bado inaiona modemu kama CD ya programu, weka usb-modeswitch. Ukiona usbserial_generic, unatumia dreva ya jumla ambayo haikutengenezwa kwa modemu za simu na inaweza kupoteza data. Dreva ya option iliandikwa ili kuondoa kasoro hiyo. Maelekezo ya zamani bado huwapeleka watu kwenye ile ya jumla. Katika Linux za sasa, dreva sahihi kwa kawaida hujichagua yenyewe.

Nani anakula kifurushi?

Wakati mwingine modemu ni nzima ila kuna mlaji mwingine. Programu ya nethogs huonyesha ni programu gani inavuta data. Mara nyingi ni masasisho yanayoshuka kimyakimya. Andika nmcli connection modify, jina la muunganisho wako, kisha connection.metered yes, ili programu zinazoheshimu agizo hilo zijue kwamba data inalipiwa kwa kipimo. Usiache kabisa kusasisha. Fanya hivyo alfajiri, mara moja kwa wiki, ili kompyuta yenye hesabu za biashara ibaki salama.

Fuata mpangilio huu: laini, mawimbi, tundu, dreva, walaji wa data. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kasi kabla na baada. Daftari hilo litakuonyesha kama tatizo ni modemu, na ndipo fedha ya modemu mpya itoke mfukoni.